Shuka la Mama Mkwe na Mashine ya Soda

Fundi alisema "gesi" kabla hajaweka begi lake chini. Nilimsikia vizuri, kwa sababu kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa tofali moja na dirisha lenye pazia. Alikuwa hajaifungua mashine, hajaigusa, hajauliza ilianza lini wala inafanyaje. Alisimama tu barazani akatoa hukumu, na mjomba wa marehemu mume wangu akadakia, "Nilijua mimi, gesi hiyo," kana kwamba miaka yote kule Kinole alikuwa anatengeneza friji na siyo kulima ndizi.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda. Mume wangu alifariki mwanzoni mwa kiangazi, na tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa chumba na uani, nguo nyeupe, bila mafuta ya kunukia, bila kuonana na wanaume wa nje. Eda yenyewe sikuilalamikia. Mama yangu aliikaa, bibi yangu aliikaa, na kuna siku nilishukuru kuwa na mlango wa kujifungia. Nilicholalamikia, na mpaka leo nikikikumbuka napandwa na hasira, ni kwamba watu wakishajua uko eda wanakuzungumzia kama vile na wewe umezikwa. Wanasimama dirishani kwako wanapanga vitu vyako, kwa sauti, halafu wakiondoka wanakwambia pole.

Mashine ile ilikuwa kuukuu. Mume wangu aliipata kwenye hoteli moja iliyokuwa inavunjwa: kabati la chuma refu kuliko yeye, mlangoni lina picha kubwa ya msichana anacheka na chupa mkononi, na nyuma ya picha kuna taa. Ilitengenezwa imeze sarafu za nchi nyingine, itoe soda yenyewe. Alipoishusha pale kwetu Kihonda majirani walimcheka mpaka wakakaa chini. Yeye akang'oa sehemu ya sarafu, akavuta waya kutoka tumboni mwa mashine, akaupenyeza ukutani hadi kwenye dirisha la chumba chetu, na mwisho wa waya akafunga swichi ya kengele ya mlangoni. Mteja anaweka hela kwenye bakuli dirishani, wewe uliye ndani unabonyeza, chupa inaporomoka. Akaijengea kizimba cha nondo barazani, nyuma akaacha nafasi ya kupita mtu, na kicheko cha majirani kikaishia hapo, maana wote walikuwa wanakuja kununua.

Sasa mfikirie mwanamke aliyefiwa, hatakiwi kuonekana, na anahitaji kula. Mashine ile ilikuwa kama imeagizwa kwa ajili yangu. Mafundi wa kuchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanakuja na jua lao kichwani, wanaweka hela kwenye bakuli, wanasema "pole na msiba, mama," mimi nabonyeza nyuma ya pazia, gudum, wanaondoka. Hawakuniona hata ukucha. Hata mama mkwe, aliyekuja kukaa nami pamoja na wifi yangu, hakuwa na la kusema juu ya hilo.

Halafu soda zikaanza kutoka vuguvugu. Siku ya kwanza watu walininyamazia kwa sababu ya msiba. Siku ya pili kijana mmoja wa kuchomelea akairudisha chupa kwenye bakuli, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, hii si bora ninywe chai." Hapo ndipo mjomba aliposhuka kutoka milimani, na hapo ndipo alipomleta yule fundi.

Inabidi nieleze kuhusu huyu mjomba. Upande wa mume wangu ni Waluguru, na kwao mjomba ndiye mwenye neno. Baba ana heshima yake, lakini jambo likifika mahali pa kukatwa, anaitwa kaka wa mama. Mimi ni wa Turiani, nimekuta mambo hayo nikayaheshimu. Mzee mwenyewe hakuwa mbaya. Wakati wa uhai wa mume wangu alikuwa anatuletea machungwa, nami nampa shikamoo yake na chai yake. Lakini baada ya mazishi alikuwa ameanza kuzunguka nyumba yetu ya kupanga, vyumba viwili na baraza, akiviangalia vitu kimoja kimoja. Na alikuwa ameshasema, mbele yangu, kwamba nikitoka eda nitarudi Turiani kwa kaka yangu. Nilimwambia nitabaki Kihonda, nina mashine, najitegemea. Akasema, "Sawa, kama mashine inafanya kazi." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Kwa kaka yangu kulikuwa na shamba la mpunga, watoto wanane na chumba kimoja cha wageni ambacho tayari kilikuwa na mgeni. Mashine ikifa, huko ndiko ninakokwenda, kulala na watoto wa watu na kufukuza ndege shambani.

Kwa hiyo fundi aliposema gesi, sikukaa kimya. Nilimwita wifi. Mama mkwe alikuwa amenikataza kupaza sauti kwa wanaume, mwanamke wa eda hapayuki, basi wifi yangu ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Tatizo la wifi ni kwamba ana adabu kupita kiasi.

"Mwambie hajaigusa," nikasema. "Anajuaje kama ni gesi?"

Wifi akatoka. Nikamsikia: "Fundi, anakushukuru kwa kuja, anauliza kama utaifungua kidogo."

"Mwambie," nikasema wifi aliporudi, "gesi ikiisha mashine haikatiki, inanguruma mchana kutwa na haipozi. Hii inakata yenyewe. Amesikia inavyokata, au masikio kaacha nyumbani?"

"Fundi, anasema mashine inakatika katika, kama utapenda kusikiliza."

Fundi hakupenda kusikiliza. Alileta mtungi, akafanya alivyofanya, akapokea chake kwa mjomba, akaondoka. Hata leo nina shaka kama mtungi ule ulikuwa na kitu ndani. Jioni soda ilikuwa vuguvugu ile ile, na kesho yake ikawa ya moto kabisa. Akaitwa tena. Safari hii akasema kompresa, ndiyo moyo wa mashine, imekufa, na kompresa ya mashine kama ile haipatikani Morogoro wala Dar, labda kwa wenyewe waliotengeneza, na hao huenda nao wameshakufa. Mjomba akacheka. Nilikaa kitandani nikashika godoro kwa mikono miwili ili nisitoke nikawakuta.

"Jumamosi nitamleta mtu wa chuma chakavu," mjomba akaniambia dirishani, kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Usijiumize, mwanangu. Chuma ni chuma."

Nilimjibu, "Sawa, mjomba." Sikuwa na maana ya sawa.

Mimi na mashine ile tulikuwa tumekaa pamoja miaka. Sikuwa fundi, lakini ukilala ukuta mmoja na kitu kinachonguruma unakijua kama unavyojua kikohozi cha mtu wako. Nikaanza kutafuta, nikiwa ndani, kwa kutumia mikono ya wifi na masikio yangu.

Kwanza nikaukamata umeme. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mchana mafundi wa kuchomelea wakiwasha mitambo yao, taa zetu zinafifia, na umeme mdogo unaitesa kompresa. Nikamtuma wifi akaazime stebilaiza, ile ya kusawazisha umeme, kwa jirani mwenye saluni. Tukaifunga. Soda ikabaki vuguvugu, na kwa kuwa saluni haikuwa na stebilaiza siku hiyo, mwenye saluni naye akaninunia. Hapo nilikosea, na kosa lilinipandisha hasira zaidi, maana nilikuwa nimeshajisifu kwa wifi.

Nikaenda kwenye mpira wa mlango. Ukilegea, baridi inatoroka. Nikamwambia wifi afunge mlango wa mashine na kipande cha karatasi katikati, halafu akivute. Akavuta juu, pembeni, chini. Karatasi ilikatika badala ya kuchomoka. Mpira ulikuwa mzima.

Basi nikakaa nikasikiliza. Nililaza kichwa ukutani mchana ule, joto la Kihonda likinitoa jasho ndani ya nguo nyeupe, na nikaifuatilia. Inawaka, inanguruma. Ngurumo inapanda, inakuwa nzito, inahema. Halafu tak. Kimya. Inapumzika weee, halafu inawaka tena, inanguruma, tak. Kompresa iliyokufa haifanyi hivyo. Iliyokufa imekufa. Hii ilikuwa inajizima yenyewe kwa sababu ya joto, jinsi mtu anavyotua mzigo akizidiwa. Mashine inayopoza lazima itoe joto nje, lile joto la ndani linatakiwa liende mahali. Hili lilikuwa haliendi.

"Wifi," nikaita, "weka mkono chini kabisa, pale mbele, karibu na sakafu. Kuna upepo wa moto unatoka?"

Nikamsikia akiinama. "Hakuna upepo."

"Feni inazunguka?"

"Naisikia inazunguka."

Feni inazunguka na upepo hautoki. "Zunguka nyuma. Pale kwenye wavu, inapovutia hewa. Unaona nini?"

"Naona shuka."

"Shuka gani?"

"La mama," akasema wifi, kama mtu anayetaja ukuta.

Hapo ndipo nilipojua. Siku ya msiba, wakati mimi nimeketishwa chumba cha ndani katikati ya wanawake, mama mkwe alitoka akamkuta yule msichana wa kwenye picha anawachekea waombolezaji, taa inawaka nyuma yake. Kwenye msiba watu wanazima redio, wanafunika televisheni. Yeye akachukua shuka lake la vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, akaifunika mashine nzima. Hayo nilikuwa nimeyasikia, na nilidhani ni kitambaa kimening'inizwa mbele kuficha picha, basi. Sikuwa nimeliona. Kumbe shuka lilishuka pande zote hadi chini, mbele likiachwa kama pazia ili wateja wapitishe mkono, na nyuma, kwa kuwa upepo wa Kihonda na vumbi lake vingelipeperusha, mama alilichomeka chini ya miguu ya mashine. Feni ilikuwa inalivuta kwenye wavu, limegandana pale, vumbi la kiangazi chote limelijaa. Mashine ilikuwa imezibwa pua. Na fundi alikuwa amelisogeza upande upande mara mbili afanye ujinga wake, akalirudisha vizuri alivyolikuta, kwa heshima.

"Lifungue," nikamwambia wifi.

"Siwezi."

"Nyuma tu."

"Wifi, mama alilichomeka kwa mikono yake. Alisema lisiguswe mpaka utoke eda. Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia mwenyewe. Nilimweleza taratibu, kama ninavyoeleza hapa, joto, feni, wavu. Alikuwa anachambua mboga uani, hakuinua uso.

"Udongo wa mwanangu haujakauka," akasema. "Yule binti acheke barabarani?"

"Mama, mbele libaki. Huyo binti abaki kafunikwa. Nataka nyuma tu, ipate hewa."

"Leo nyuma, kesho mbele. Nawajua watu."

"Watu gani, mama? Ni mimi hapa."

"Fundi amesema imekufa. Wewe unajua kuliko fundi?"

"Kwa mashine hii, ndiyo."

Akaniangalia hapo, na nikaona kwamba nimemuumiza, na sikujali. Nilimwambia mashine hiyo ni ya mwanawe, kaifunga kila waya kwa mkono wake, na yeye anaiua kwa shuka. Akaacha mboga akaingia ndani. Hatukusemezana siku hiyo wala iliyofuata. Tulikula sahani moja bila neno, wifi katikati yetu akitupitishia chumvi.

Jumamosi asubuhi nikasikia guta la kubebea mizigo linasimama nje, na sauti ya mjomba inamwelekeza mtu wapi pa kukata nondo. Mtu wa chuma akagonga ubavu wa mashine kwa kitu cha chuma, akaupima mlio, akasema nzito. Nilivaa mtandio, nikafunga vizuri, nikafungua mlango wa mbele, nikatoka.

Sikumbuki hatua zenyewe. Nakumbuka mwanga, maana nilikuwa sijauona mwanga wa mbele ya nyumba muda mrefu, na milima imesimama kule nyuma ya mabati, wazi, bila wingu. Mafundi wa kuchomelea waliinamisha vichwa, wakageuka, Mungu awabariki. Mtu wa chuma akarudi nyuma hadi kwenye guta lake.

"Mwanangu," mjomba akasema, "rudi ndani. Watu wanakuona."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Rudi ndani."

"Nitarudi. Nina kazi hapa."

Nikapita nyuma ya mashine, nikapiga magoti, nikachomoa shuka. Lilikuwa limeshika. Nililivuta na likatoa vumbi lililonijaa machoni na mdomoni, nikakohoa, nikavuta tena. Wavu ulikuwa umeota manyoya ya kijivu. Niliyapangusa kwa ncha ya mtandio wangu mweupe, na sikuona aibu. Nililikunja shuka upande wa nyuma nikalitupia juu ya mashine. Mbele sikuligusa. Yule msichana alibaki kafunikwa kama alivyokuwa, mama aone mwenyewe kwamba sikuwa mwongo.

"Tunasubiri nini?" mjomba akauliza.

"Ipoe kwanza. Imeungua kwa siku zote hizi, inahitaji kupumzika."

"Mimi nina safari," mtu wa chuma akasema.

"Nenda," nikamwambia, na hiyo nilisema mwenyewe, bila wifi.

Hakwenda. Tulisimama. Mjomba alianza kunieleza habari za eda, kwamba nimeiharibu, kwamba huenda nikatakiwa kuianza upya, na kwamba mwanamke mwenye busara angemwachia yeye. Nilimwambia eda yangu iko kati yangu na Mungu wangu, na kama kuna wa kunihesabia, atumwe sheikh, asitumwe mtu aliyeamini fundi asiyefungua begi. Nilisema maneno mengine pia. Sauti yangu ilikuwa juu, na ilikuwa imekaa ndani siku nyingi. Mzee wa watu alitazama viatu vyake.

Mashine ikawaka. Ikanguruma. Wote tukatega masikio, hata mtu wa chuma, tukisubiri ile tak. Ngurumo ilipanda, ikafika pale ilipokuwa inahema siku zote, ikapita. Ikatulia kwenye sauti yake ya zamani, nyembamba, isiyokatika, ile niliyokuwa nalala nayo. Mjomba alisubiri muda mrefu. Halafu akamwambia mtu wa chuma, bila kunitazama, "Basi, kaka, samahani kwa usumbufu." Guta likaondoka.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Nilijiandaa, maana nilikuwa na maneno yangu juu yake nimeyapanga siku mbili nzima, na yote yalikuwa ya haki. Hakunitazama. Alikuja akakaa chini kwenye sakafu ya baraza, mbele ya mashine, akapitisha mkono chini ya ncha ya shuka lake, pale karibu na sakafu ambapo wifi hakukuta kitu.

"Inatoa joto," akasema.

"Inatoa, mama. Ndivyo inavyopoza."

Hakuutoa mkono. Siku ya mazishi, kabla hawajamfunika mume wangu uso, mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwekea mkono shavuni, na mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona alivyoshtushwa na ule ubaridi. Tangu siku ile sikuwa nimemwona akilia. Sasa alilia, mkono ukiwa bado chini ya shuka, kwa sauti ndogo ya mtu anayeona haya mbele ya watu.

Sikuyasema yale maneno. Nilikaa naye sakafuni, hasira yangu ikiwa nzima, nikamvuta mkono nyuma kidogo ili vidole visifike kwenye feni.